printf ya Marco Paland kwa wanaoandika C kwenye chip ndogo: maoni yangu baada ya kuitumia kwenye mzani wa maziwa

Wakuu habari zenu, leo nataka niongelee laibrari moja ya C ambayo naona wengi wanaipita tu, na hata wanaoitumia wengi wao wanaibandika kwenye projekti bila kufungua ndani kuangalia inafanya nini. Inaitwa printf tu, imeandikwa na Marco Paland wa Hannover kule Ujerumani, iko GitHub, leseni yake MIT yaani unaitumia hata kwenye kifaa cha kuuza bila kumlipa mtu, na yote ni mafaili mawili, printf.c na printf.h, basi. Hamna cha kuinstoli, hamna cha kukompaili pembeni, unayaburuta kwenye folda ya projekti na maisha yanaendelea.

Kazi yake ni ile ile ya printf tunayoijua wote, kuchukua namba iliyokaa kwenye rejista kama biti na kuitoa kama maandishi ambayo binadamu anasoma. Kwenye kompyuta hiki kitu hukifikirii kabisa, unaandika printf unaendelea. Ukishuka chini kwenye maikrokontrola (kompyuta ndogo nzima ndani ya chip moja) ndo unagundua kwamba kugeuza namba kuwa maandishi ni kazi nzito, inakula fleshi (hifadhi ya programu), inakula steki (sehemu ya RAM ya kazi za muda), inakula muda, na mara nyingine inaomba kumbukumbu wewe ukiwa huna habari.

Mi naifanyia kazi kwenye mzani wa kituo cha kukusanyia maziwa. Mfugaji analeta ndoo, inawekwa kwenye mzani, kifaa kinasoma uzito, kinasoma joto la tenki, kinapiga hesabu ya hela, kinatoa kijikaratasi kwenye printa ndogo ya joto ile ya karatasi ya milimita 58, alafu jioni kinatuma SMS ya jumla kupitia modemu ya SIM800L. Ubongo wake ni STM32F103C8, ile chip ya bodi ya bei poa ya bluu, fleshi kilobaiti 64 na RAM kilobaiti 20. Ukiangalia vizuri hapo, kila kitu kinaishia kuwa maandishi: karatasi ni maandishi, SMS ni maandishi, amri za modemu ni maandishi, na hela ya mtu ikiandikwa vibaya hapo hamna wa kumwambia kwamba ndani ya chip namba ilikua sahihi.

Swali la kwanza watu wanauliza, si kompaila ya ARM inakuja na printf yake, ya nini kuhangaika? Inakuja nayo ndio, iko kwenye newlib, ile laibrari ya C inayokuja na kompaila, na kwa chip ndogo watu wengi wanalinki na ile ndogo yake, newlib-nano, kwa kuweka --specs=nano.specs. Ni nzuri kwa mengi na sina ugomvi nayo, ila imepunguzwa makusudi ili iwe ndogo, na vilivyokatwa ndo vile vile mi navihitaji. %f, ile ya kuandika desimali, haitoi kitu mpaka umwambie linka (programu inayounganisha vipande vya kodi) -u _printf_float. %lld, ile ya namba kamili za biti 64, haipo, ukiandika unapata herufi za ajabu badala ya namba. Alafu ile printf ya kawaida inataka bafa ya kutolea (sehemu ya kushikilia herufi), na bafa inaombwa kwa malloc, funksheni ya kuomba kumbukumbu wakati programu inaendelea, kwa hiyo unajikuta unaandika _sbrk ya kuilisha malloc ili tu uandike "Karibu" kwenye skrini. Na sehemu ya desimali ya newlib nayo inaomba kumbukumbu kwa malloc wakati inageuza namba. Kwenye kifaa kinachokaa kimewashwa miezi bila kuzimwa, chenye RAM ya kilobaiti 20, mi sitaki malloc iitwe na kitu ambacho kazi yake ni kuandika tu.

Hapa Paland kanifurahisha sana. Kwenye laibrari yake hamna malloc hata moja. Hamna vigeu vya jumla vilivyojificha, kila kitu kiko kwenye steki, kwa hiyo taski mbili zinaweza kuita snprintf (printf inayoandika ndani ya bafa) kwa wakati mmoja zisivurugane, hata ukiwa ndani ya interapti, yaani kazi ya dharura inayokatiza programu. Bafa ya kugeuzia namba kamili ni baiti 32, ya desimali ni baiti 32 nyingine, zimeandikwa juu kabisa ya faili kama PRINTF_NTOA_BUFFER_SIZE na PRINTF_FTOA_BUFFER_SIZE, unaziona kwa macho na unaweza kuzibadilisha. Yaani gharama unaijua kabla ya kulipa. Kwa mtu wa vifaa vidogo hiyo ina thamani kuliko spidi.

Sasa hiyo %lld niliyoitaja nataka niieleze maana watu wanadhani ni mambo ya wanahesabu. Hela kwenye kifaa huweki kama desimali, unaweka senti kama namba kamili, hiyo nadhani wengi mnajua, 0.1 haiandikiki sawasawa kwenye mfumo wa mbili na ukijumlisha mara nyingi inaanza kuteleza. Kwa hiyo shilingi 1,250.50 unaweka 125050. Poa. Ila namba kamili ya biti 32 yenye alama inaishia 2,147,483,647. Ukiigawa kwa senti unapata shilingi 21,474,836.47. Kwa dola au yuro hiyo ni hela ya kununua jumba, kwa shilingi ya Tanzania ni milioni 21 tu na kitu, jumla ya mwezi ya kituo kinachopokea maziwa ya kijiji kizima inaweza ikapita hapo, na ikipita inageuka hasi. Mifano mingi ya kwenye mtandao imeandikwa na watu ambao hela yao ina thamani kubwa kwa hiyo hawajawahi kuona tatizo hili. Sisi lazima tutumie int64_t, namba kamili ya biti 64, na ukitumia int64_t lazima uwe na kitu kinachojua kuiandika. Ya Paland inajua, %lld na %llu zinafanya kazi bila masharti.

Tena ukitaka kuipunguza uzito inakubali. Kama huna haja na biti 64 unaweka PRINTF_DISABLE_SUPPORT_LONG_LONG, kama huna haja na desimali unaweka PRINTF_DISABLE_SUPPORT_FLOAT, kuna ya kuondoa %e na %g na kuna ya kuondoa ptrdiff_t. Kwenye chip kama Cortex-M0 ambayo haina hata amri ya kugawanya kwenye silikoni, kugawanya biti 64 kunaletwa na funksheni nzima ya programu, ukiizima hiyo inaondoka na fleshi inarudi. Na kumbuka kila tarakimu inayotoka imegawanywa kwa kumi: faili lake linachukua namba, linatoa baki, linaigawanya kwa kumi, linaandika tarakimu za mwisho kwanza alafu linageuza mwelekeo wakati wa kutoa. Ukisoma funksheni ya _ntoa_long unaielewa kwa kikao kimoja cha chai, imeandikwa kwa usafi sana, na vijana wanaojifunza C nawashauri waifungue hata kama hawataitumia.

Kuiunga ni rahisi. Unaandika funksheni moja inaitwa _putchar inayopokea herufi moja na kuitupa kwenye UART (njia ya waya inayotoa data biti moja moja), umemaliza, printf inafanya kazi. Ukitaka sehemu tofauti tofauti, mfano maandishi mengine yaende kwa printa na mengine yaende kwa modemu, kuna fctprintf, unaipa funksheni yako na pointa yako, kila herufi inapelekwa huko. Hii fctprintf watu hawaiongelei kabisa na mi ndo naitumia kuliko zote, maana naandika moja kwa moja kwenye foleni ya printa bila kupitia bafa ya kati.

Ila angalizo la kasi. Watu wanalalamika "printf ni nzito" wakati uzito hauko kwenye kugeuza namba. Kwa spidi ya biti 115200 kwa sekunde kila baiti inachukua kama maikrosekunde 87 kutoka kwenye waya, mstari wa herufi 40 ni kama milisekunde 3 na nusu, na kwa chip ya megahezi 72 hiyo ni mizunguko kama laki mbili na nusu imepotea ikiwa _putchar yako inasimama kusubiri. Kwa 9600 ndo kabisa, baiti moja inakula milisekunde nzima. Kwa hiyo weka foleni, acha interapti au DMA (sehemu ya chip inayohamisha data bila kuusumbua ubongo) itoe taratibu. Na ingawa laibrari yenyewe haina vitu vya kugombania, ukiwa na taski mbili zinazoita printf kwa pamoja herufi zitachanganyikana kwenye waya, kufuli ya hapo unaiweka wewe.

Tuje kwenye snprintf maana hapo ndo pa kukaa kwa utulivu. sprintf, ile isiyojua ukubwa wa bafa, iacheni jamani, kwa kweli, kwenye chip hamna kitu cha kukuzuia, ukipitiliza bafa unaandika juu ya kigeu cha jirani na kifaa kinaanza kufanya vituko sehemu ambayo haina uhusiano wowote na maandishi. snprintf ilikuja rasmi kwenye kiwango cha C99 na hii ya Paland inafuata sheria yake vizuri: inaweka sifuri ya kufungia hata maandishi yakikatwa, na inarudisha urefu ambao maandishi yangekua nao kama nafasi ingetosha. Urefu ambao YANGEKUA nao, rudia tena kusoma hapo. Ukiwa na bafa ya 161 kwa ajili ya SMS ya herufi 160 na maandishi yako ni 190, inarudisha 190. Sasa watu wengi wanajenga ujumbe kwa vipande, n += snprintf(b + n, sizeof b - n, ...), na siku kipande kimoja kikipitiliza, n inakua kubwa kuliko bafa, ile sizeof b - n ni ya aina isiyo na alama kwa hiyo haiwi hasi, inazunguka inakua namba kubwa ajabu, na pointa iko nje ya bafa tayari. Usalama wote wa snprintf umeondoka hapo. Kila kipande angalia: ikirudisha hasi au ikirudisha sawa au zaidi ya nafasi iliyobaki, simama. Na ukitaka kujua urefu kabla hujaandika unaipa NULL na sifuri, hii laibrari inakubali, inahesabu tu bila kuandika popote.

Kwenye karatasi imenisaidia sana ile mipangilio ya upana. Printa ya milimita 58 kwa herufi zake za kawaida inatoa herufi 32 kwa mstari. Nikiandika %-20.20s alafu %12s, jina la mfugaji linakaa kushoto, likiwa refu linakatwa kwenye 20, hela inakaa kulia imenyooka kama rula, mstari unajaa 32 kamili. Nyota nayo inakubali, %-*.*s, upana unaupitisha kama kigezo, kwa hiyo ukibadilisha printa ya 80 hubadilishi fomati zote. Kitu kimoja tu cha kuangalia ni kwamba upana unahesabiwa kwa baiti. Kiswahili kimetubeba hapo maana hatuna herufi za vikorombwezo, ila majina yenye ng' yakichapwa kwenye simu mara nyingi inaingia ile alama iliyopinda badala ya ile iliyonyooka, na hiyo iliyopinda kwa UTF-8 ni baiti tatu. Ng'ombe anayeonekana ana herufi saba kwa laibrari ana baiti tisa, safu ya hela inasogea. Na kwenye SMS hiyo hiyo alama haimo kwenye alfabeti ya biti 7 ya GSM, ujumbe wa herufi 160 unashuka kuwa wa 70. Badilisha hiyo alama mwanzoni kabisa, wakati jina linaingia kwenye kifaa.

Kutenganisha elfu kwa mkato haina. Ile alama ya ' ya POSIX haipo, kwa hiyo 1250000 itatoka hivo hivo bila mkato, na mteja wa kwetu anataka aone 1,250,000, anahesabu sifuri kwa kidole. Funksheni ya mistari kama kumi unaiandika mwenyewe, unatoa tarakimu kutoka nyuma na kila baada ya tatu unaweka mkato. Sio kosa lao, ila ingependeza iwepo.

Desimali. Hapa nitakua mkali kidogo. %f ya laibrari hii ipo na inafanya kazi, kwa joto na volti na vitu vidogo vidogo iko sawa, ila ina mipaka ambayo lazima uijue kabla. Ikipita bilioni moja inahamia kwenye mtindo wa kipeo (kama 1.2e+09), na kama ulizima sehemu ya kipeo unapata kitupu. Tarakimu baada ya nukta ni tisa, ukiomba zaidi zinazofuata ni sifuri tu. Na ndani yake ile sehemu kamili ya namba inawekwa kwenye int ya kawaida. Kwa ARM int ni biti 32 kwa hiyo hamna shida, ila kwa AVR, chip ya Arduino Uno ile ATmega328P, int ni biti 16, maana yake ukipita 32767 unachokipata hakitabiriki. Faili linakompaili vizuri kabisa kwenye AVR bila kulalamika, ndo maana nalisema.

Kingine, float (desimali ndogo) ikipita kwenye vitone vitatu vya printf, pale inapopokea vigezo vya idadi yoyote, inageuzwa kuwa double (desimali kubwa), hiyo ni sheria ya C yenyewe, hata chip yako iwe na FPU (sehemu ya kupiga hesabu za desimali) kama Cortex-M4F, FPU ile inajua float tu, double inafanywa na programu. Kwa hiyo %f moja inavuta funksheni za kuzidisha na kugawanya double zote. Kwa F103 isiyo na FPU kabisa ndo usiseme.

Ushauri wangu, zima desimali. Sensa nyingi hazikupi desimali, zinakupa namba kamili. Sensa ya joto ya DS18B20 inatoa namba ya biti 16 yenye alama ambayo kila hatua ni 0.0625 ya digrii. Zidisha kwa 625 unapata sehemu za elfu kumi za digrii, namba kamili safi: 0x0191 ni 401, mara 625 ni 250625, yaani 25.0625, haijapotea hata tone. Kuiandika ndo kuna mtego ambao nauona kwenye kodi za watu wengi. Wanaandika %ld.%04ld, ya kwanza wanagawanya kwa 10000, ya pili wanachukua baki. Kwa joto la juu ya sifuri iko poa. Likishuka nusu digrii chini ya sifuri, na kwenye tenki la barafu linashuka, namba ni -5000, kugawanya kwa 10000 kwenye C kunatoa 0 bila alama, baki ni -5000, kinachochapwa ni 0.-5000. Toa alama kwanza: kama ni hasi andika "-" kama stringi, geuza namba iwe chanya, ndo uigawanye. Mfumo ni %s%lu.%04lu, na ndo huo huo wa lita na wa kila kitu, ila kwa hela za biti 64 inakua %s%llu.%02llu. Ukishauzoea hutaitaka %f tena.

Kuna kasoro moja ambayo mi naiona kubwa kuliko hizo za desimali na sijaona watu wakiisema. Ukitumia printf ya kawaida, kompaila ya GCC ukiiwashia -Wall inasoma fomati yako na kukuonya kama umeandika %d ukapitisha kitu cha biti 64. Kwenye printf.h ya Paland majina yamebadilishwa kwa makro (jina linalobadilishwa kabla ya kukompaili), printf inakua printf_ yenye mstari wa chini mwishoni, na kompaila haijui kwamba printf_ ni ndugu wa printf, kwa hiyo inakaa kimya. Ukimya huo ni hatari maana kwenye vigezo vya vitone vitatu hakuna anayejua aina, %d itachukua baiti nne, namba ni baiti nane, na vigezo vyote vinavyofuata vinasoma sehemu ambayo siyo yao. Ukikuta %s inafuata hapo, inachukua kipande cha namba inakifanya anwani. Dawa ni kuongeza kwenye tamko la kila funksheni __attribute__((format(__printf__, 1, 2))), na kwa snprintf ni 3 na 4. Andika __printf__ yenye mistari miwili kila upande, usiandike printf peke yake, kwa sababu ile makro itaibadilisha na hiyo pia iwe printf_ na kompaila haitaielewa. Ukishaongeza hiyo, maonyo yanarudi, na utashangaa yanavyomiminika, hasa kwa uint32_t, maana kwenye kompaila ya arm-none-eabi uint32_t ni unsigned long kwa hiyo %u inaonywa hata kama ukubwa ni ule ule. Tumia PRIu32 ya inttypes.h, inaudhi macho ila ndo sahihi.

Upande mwingine hilo jina printf_ lina faida yake. GCC ikiona printf("Tayari\n") ina tabia ya kuibadilisha kimya kimya iwe puts, na puts inakuja na mzigo wote wa stdout (njia ya kawaida ya C ya kutolea maandishi) uliokua unaukimbia. Kwa printf_ haigusi.

%b nayo ipo, inachapa kwa mfumo wa mbili, %08b ukiangalia rejista ya baiti moja unaona biti zote zimejipanga. Kwenye C yenyewe imekuja kuwa rasmi kwenye C23, laibrari hii ilikua nayo zamani. Ila bafa ni 32, kwa hiyo namba ya biti 64 kwa %llb inakatwa biti za juu bila kukuambia, na sifuri za kujazia nazo zinaishia hapo hapo 32. Ongeza ukubwa wa bafa kama unahitaji. Na %n haipo kabisa, ile inayoandika kwenye kumbukumbu kupitia fomati, na mi nasema haina haja ya kuwepo. Pamoja na hivo, maandishi yaliyotoka nje, mfano SMS ya mtu, usiyaweke kama fomati, andika printf("%s", ujumbe) siku zote.

Kitu ambacho hautakipata humu ni njia ya kurudi, maandishi kuwa namba. Hamna scanf hamna kitu. Msimamizi wa kituo akituma SMS "BEI 1100" kubadilisha bei ya lita, kazi ni ya strtol ya C yenyewe, na naomba sana msitumie atoi. atoi ukiipa "abc" inarudisha 0, ukiipa "0" inarudisha 0, huwezi kutofautisha, na namba ikizidi ukubwa kiwango cha C hakisemi nini kitatokea. strtol inakupa pointa ya mahali iliposimama: ikiwa haijasogea hamna tarakimu, ikiwa imesimama kwenye kitu ambacho sio mwisho kuna takataka, na errno, kigeu cha C cha kuripoti makosa, ikiwa ERANGE namba imezidi. errno iweke sifuri kabla ya kuita, haijisafishi. Na besi weka 10, usiweke 0, maana kwa 0 inajiamulia yenyewe, "0100" inakua ya mfumo wa nane inarudi 64, na watu wetu wanapenda kuanza na sifuri.

Alafu sio kila chenye tarakimu ni namba. Namba ya simu ikianza na 255 ina tarakimu 12, haiingii kwenye biti 32 ambazo mwisho wake ni 4,294,967,295, na ikianza na 0 ukiigeuza sifuri imepotea. Tokeni ya umeme ya LUKU ina tarakimu 20, na hiyo haiingii hata kwenye uint64_t, kwa sababu ndani yake ni biti 66. Hivyo vibaki stringi mwanzo mpaka mwisho, kagua tu kwamba kila herufi ni kati ya '0' na '9' na urefu ni ule unaotakiwa.

Kwa ujumla naipa nyota nne kati ya tano. Nyota moja nimeikata kwa ajili ya ukimya wa kompaila na ile int kwenye AVR. Mwenye Arduino Uno kama hana shida ya biti 64 bora abaki na avr-libc, laibrari ya C ya chip za AVR, ina ltoa na dtostrf, ina snprintf_P ya kuacha fomati kwenye fleshi isile zile kilobaiti 2 za RAM, na printf yake ya desimali inakuja ukiomba kwa -lprintf_flt, usipoomba inachapa alama ya kuuliza. Mwenye Raspberry Pi Pico tayari anayo bila kujua, printf ya SDK yake imetokana na hii hii ya Paland. Wa STM32 na chip nyingine za ARM ndo naowaambia waichukue leo. Ya asili toleo la mwisho ni 4.0.0 la mwaka 2019, na kuna tawi la eyalroz humo humo GitHub ambalo limeendelea kurekebishwa na lile onyo la fomati limewekwa tayari, kwa projekti mpya anza na hilo. Mi kwenye mzani nimezima float na kipeo, nimeacha biti 64, nimeweka attribute kwenye kila tamko, na -Wformat=2 iko kwenye Makefile, haitolewi.